Sikukuu ya Mwalimu na deni la Desemba

Ndugu msomaji, kila ifikapo tarehe 14 Oktoba mimi hukumbuka sauti mbili. Ya kwanza ni ya Rais Benjamin Mkapa, ilipoliarifu Taifa mwaka 1999 kwamba Mwalimu Julius Kambarage Nyerere amefariki dunia huko London. Ya pili ni ya msichana wa darasa la sita, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Serengeti, ambaye mwaka 2020 aliniuliza swali nami sikulijibu. Sauti ya kwanza niliisikia pamoja na Watanzania wote. Ya pili niliisikia peke yangu, na ndiyo inayonifanya niandike makala haya.

Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, kisiwani Unguja. Nilikuwa nimekwisha kuhitimu shule ya Serikali, na jioni nikimsaidia mwalimu wangu wa chuo kuwasomesha juzuu watoto wadogo. Siku ile ya Alhamisi habari ilipofika, barazani palizuka maneno. Wapo waliolia. Wapo waliokumbushana malalamiko yao juu ya Muungano, na juu ya mambo mengine ambayo kila mtu wa visiwani anayajua, wala hapana haja ya kuyarudia hapa. Mwalimu wangu aliwasikiliza wote hadi wakachoka. Kisha akasema kwamba aliyekufa amekwenda na amali zake, na Mwenyezi Mungu ndiye atakayemhesabu. Sisi tuliobaki tutazame zetu. Akatuamrisha turudi kwenye juzuu zetu.

Maneno yale niliyasikia kwa masikio ya kijana, yakapita. Yalinirudia baada ya zaidi ya miaka 20, nikiwa mbali sana na baraza ile.

Kazi ya Chama ilinileta bara, na bara ikanileta Mara: kwanza Wilaya ya Tarime, baadaye Serengeti. Kwa ndugu zangu wa visiwani wasiozifahamu sehemu hizi, niseme kwa ufupi. Tarime ni nchi ya milima na baridi, yenye mahindi, ndizi na kahawa, iliyopakana na Kenya penye mji wa Sirari. Wenyeji wake wengi ni Wakurya, watu wa ng'ombe na watu wa jeshi. Katika vita vya kumwondoa Idi Amin, mwaka 1978 hadi 1979, ni nadra kukuta ukoo wa Tarime usiokuwa na mtu wake mstari wa mbele. Ukishuka na kuvuka Mto Mara unaingia Serengeti, ambayo makao yake ni mji wa Mugumu. Huko wapo Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, na mashamba ya wananchi yanakwenda kukutana na hifadhi ya wanyama. Tembo akiamua kuvuka mpaka usiku, mkulima hulala macho. Mimi, mtu wa nazi na samaki, nilijifunza kula ugali wa mtama, na kwa sababu ya kofia yangu wenyeji wakaniita Shehe, ingawa elimu yangu ya dini haifiki hata robo ya cheo hicho.

Mkoa huu ndio uliomzaa Mwalimu. Ukitoka Tarime na kulivuka Daraja la Kirumi, safari ya kwenda Butiama si ndefu. Alizaliwa hapo tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na hapo akazikwa tarehe 23 Oktoba 1999. Kwa hiyo basi, tarehe 14 Oktoba mkoani Mara haifanani na tarehe 14 Oktoba mahali pengine. Ofisi za Serikali hufungwa nchi nzima. Lakini huku watu huzungumza habari za marehemu kama jirani aliyeondoka juzi. Mzee mmoja atakwambia alivyomwona shambani akiwa na jembe, mwingine atakwambia walivyocheza bao. Misa husomwa na dua huombwa. Mahali pengine nchini, siku hiyohiyo, Mwenge wa Uhuru hukamilisha mbio zake, na kiongozi mkuu wa nchi huhutubia.

Tena lipo jambo ambalo ndugu zangu wa visiwani huenda hawalifahamu vyema. Tangu mwaka 2005 Kanisa Katoliki, kwa kupitia Jimbo la Musoma, limefungua shauri la kuchunguza kama Mwalimu anastahili kutajwa miongoni mwa watakatifu. Kwa sasa wao humwita Mtumishi wa Mungu, ambacho ni cheo cha mwanzo katika safari hiyo. Na kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi Juni, mahujaji kutoka Tanzania na Uganda hukutana Namugongo, mahali pa Mashahidi wa Uganda, kumwombea afikie daraja hilo. Nimewahi kuulizwa na vijana wa Kiislamu wa Tarime mjini: Je, sisi tuseme nini juu ya jambo hili?

Jibu langu ni la mtu aliyesoma chuoni na shuleni pamoja. Sisi hatuabudu mja. Lakini wazo la mja mwema ambaye watu humkumbuka baada ya kufa si geni kwetu. Tunalijua neno walii, na visiwani tunazo ziara na hitma zetu. Kila tarehe 7 Aprili viongozi na wananchi hukusanyika Kisiwandui kumsomea hitma Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa mwaka 1972. Hakuna anayeondoka pale akidhani amemwabudu Mzee Karume. Basi waachieni Wakatoliki shauri lao. Roma itaamua ya Roma. Lililo juu yetu sisi wananchi wa dini zote ni kuuliza siku hii inatudai nini.

Nasema inatudai kwa sababu sikukuu ya mtu mwema ina hatari zake. Hatari ya kwanza ni ukasuku. Mtu huyakariri maneno ya marehemu kwa ufasaha, akapigiwa makofi, kisha akaenda nyumbani akijiona kana kwamba yeye ndiye aliyeyatenda. Hatari ya pili ni kumfanya marehemu kuwa malaika, ili aliyoyatenda yaonekane kuwa hayawezi kutendwa na binadamu kama sisi. Mwalimu alikuwa binadamu. Alikosea, na mengine aliyakiri mwenyewe. Mkoa wake unalijua hilo. Mwezi Novemba 1973 alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mkoani Mara kazi hiyo ilifanywa mwaka 1974, na wapo watu wazima hadi leo wanaokumbuka paa za nyumba zao zikishushwa na watu wakiamriwa kuhama na vyombo vyao vichwani. Mwenye kuficha habari hizo hamtendei Mwalimu heshima yoyote.

Sasa nirudi kwenye mwaka 2020.

Tarehe 14 Oktoba mwaka ule ilikuwa Jumatano, na zilikuwa zimebaki siku 14 tu kufika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 28 Oktoba. Nilitumwa kuzungumza katika kijiji kimoja kisicho mbali na Mto Mara. Nilijiandaa vizuri. Nilizungumza juu ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambalo Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha katika mkoa huuhuu, likaagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania apate nafasi ya elimu ya msingi. Nikawaambia wananchi kwamba Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa tayari na miaka 12. Na kwamba alitaka mtoto wa kike na wa kiume wapate nafasi sawa. Makofi yalikuwa mengi.

Baada ya mkutano, watu wakisogea kivulini penye soda, walinijia wasichana wawili waliovaa sare za shule ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Mmoja alikaa nyuma. Wa mbele akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kiongozi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umesema Mwalimu alitaka sisi tusome. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, tukimbilie wapi?"

Mtu yeyote aliyekaa Tarime au Serengeti hahitaji kuelezwa maana ya swali hilo. Kwa faida ya wasomaji wa visiwani, nieleze. Katika baadhi ya koo za huku, mwezi Desemba wa miaka ambayo wazee wa mila wameiruhusu ndio msimu wa jando na ukeketaji. Wavulana hutahiriwa na wasichana hukeketwa. Binti hukatwa sehemu ya maumbile yake kwa wembe au kisu, mbele ya watu, na inatakiwa asilie. Anayepita huko hupewa zawadi, hushangiliwa njiani, na huhesabiwa kuwa mwanamke anayeweza kuolewa. Asiyepita huitwa msagane, jina la kumdharau, naye hudharauliwa kisimani, jikoni kwa mama mkwe, hata katika baadhi ya shughuli za ukoo. Wengine hutokwa na damu hata wakafa. Wengine hupata taabu ile siku ya kujifungua, baada ya miaka mingi.

Wala jambo hili halisimami kwa mila peke yake. Lina uchumi wake. Binti aliyekeketwa huonekana tayari kwa mahari, na mahari ya huku ni ng'ombe. Baba mwenye mtoto wa kiume anayetaka kuoa huyatazama mahari ya binti yake kama njia ya kumwolea kijana huyo. Ngariba hulipwa kwa kila kichwa, na inafahamika kwamba sehemu ya malipo hayo huwafikia wazee waliofungua msimu. Kwa hiyo anayemwendea mzee na maneno matamu ya mkutano wa hadhara, bila kuugusa mfuko, anatwanga maji kwenye kinu.

Nilijua yote hayo siku ile. Nilijua pia kwamba zipo nyumba salama mbili zinazowapokea mabinti wa aina yake: moja Masanga, wilayani Tarime, inayoendeshwa chini ya masista wa Kikatoliki, na nyingine mjini Mugumu. Nilichopaswa kufanya kilikuwa kidogo sana. Nilipaswa kumwita mwalimu mkuu, kumpigia simu ofisa wa ustawi wa jamii, kuwapeleka majina polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kupanga gari siku ya kufunga shule. Kazi ya saa moja. Lakini wazee wa mila walikuwa wameketi hatua 20 kutoka pale, ndio waliotukusanyia watu wa mkutano, na siku 14 baadaye tungewahitaji tena. Sikutaka kuwaudhi. Nikatoa daftari mfukoni, nikayaandika majina ya wasichana wale wawili, nikawaambia, "Nimeandika. Tutalishughulikia." Kisha nikaenda kunywa soda pamoja na wazee.

Ndugu msomaji, ninayeandika haya niliapa, kama mwanachama yeyote, kusema kweli daima. Kweli ni hii: sikulishughulikia. Kampeni ilikwisha, kura zikapigwa, nikaomba likizo, na msimu wa Desemba ulipoanza mimi nilikuwa Unguja nikila embe. Daftari lilikuwa ndani ya sanduku.

Mwezi Februari 2021 kazi ilinifikisha Mugumu, katika ile nyumba salama, pamoja na wageni wengine. Miongoni mwa mabinti waliotuimbia nilimtambua yule aliyeniuliza swali. Naye alinitambua. Wageni walipokwenda kutazama vyerehani, nilimwuliza alifikaje. Akasema alitoka nyumbani usiku, akafuata barabara, na alipowasikia fisi alipanda mtini hadi alfajiri. Mwendesha pikipiki mmoja akamchukua bure asubuhi hadi mjini. Alisimulia bila kujisifu, kama mtu anayesimulia habari za kwenda sokoni. Nikamwuliza juu ya mwenzake.

Alitazama chini. "Nilimwita tuondoke pamoja. Akasema tusubiri. Akasema, Shehe ameandika."

Yule wa pili alisubiri hadi siku ilipofika. Alikeketwa Desemba ile, na kabla ya mwaka uliofuata kwisha alikuwa ameolewa. Hakurudi shuleni. Sitaandika jina lake wala la kijiji chake, kwa sababu si haki yangu kuyatangaza. Lakini daftari ninalo bado, na jina lake limo humo kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni.

Hapo ndipo maneno ya mwalimu wangu yaliponirudia. Nilikuwa nimeisoma amali ya marehemu mbele ya watu mia kadhaa, wala sikuitazama yangu iliyokuwa imesimama mbele yangu katika sare ya shule.

Tangu siku hiyo nimejaribu kusoma upya habari za Mwalimu, nikitafuta angesema nini juu ya swali lile. Sikulazimika kutafuta mbali. Baba yake alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya Nyang'ombe, alikuwa wa tano. Kijana Kambarage aliiona kazi ya mwanamke wa Kizanaki kwa macho yake mwenyewe. Alipokuwa mwanafunzi Makerere, katika miaka ya 1940, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akiyapima maisha ya wanawake wa kabila lake kwa mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Na mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, alipokuwa akiusifu udugu wa jamii zetu za zamani, hakuficha kasoro zake. Alisema wazi kwamba katika jamii hizo mwanamke aliwekwa mahali pa chini, akafanya kazi kupita sehemu yake, na kwamba ujamaa wa kweli hauwezi kujengwa juu ya dhuluma hiyo.

Lipo na jambo jingine, ambalo kila aliyeitazama picha yake kwa makini ameliona. Meno ya mbele ya Mwalimu yalikuwa yamechongwa. Ilikuwa mila ya Wazanaki, naye alichongwa alipokuwa kijana kama vijana wenzake. Leo utatembea Butiama siku nzima usimwone kijana wa shule aliyechongwa meno. Je, Wazanaki wamekwisha? Wapo, wanaolewa, wanaoa, wanazikana, wanasema lugha yao. Mila ile iliondoka, kabila likabaki. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba Mkurya au Mngoreme atakwisha siku binti yake atakapoachwa mzima, amjibu kwanza Mwalimu kwa meno yake.

Haya niliyasema mwaka 2022 katika kikao na wazee, safari hii nikiwa nimeketi nao chini, si juu ya jukwaa. Walicheka, wakanyamaza. Kisha mzee mmoja, mtu wa umri wa Mwenge wetu mara mbili kwa kumtazama, akanijibu hivi: "Shehe, mwaka 1974 Serikali ilihamisha kijiji chetu chote kabla mtama haujakauka. Tulikuwa hatutaki, tukahama. Leo mnakuja mnasema Serikali inashindwa kumlinda mtoto mmoja. Sisi tunaelewa kwamba hamshindwi. Hamtaki."

Sikuwa na jibu. Simtaki mtu yeyote arudie mabavu ya mwaka 1974. Vijiji vile vilitufunza kwamba jambo lisiloingia moyoni kwa watu hurudi nyuma mara askari wakiondoka. Lakini mzee yule alikuwa amesema kweli juu yetu. Tumejificha nyuma ya neno mila, hali tunachoogopa ni kura na lawama.

Na sheria ipo. Tangu mwaka 1998 Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani mtu mwenye dhamana ya binti wa chini ya miaka 18 akimkeketa au akisababisha akeketwe. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2011, wamekataza jambo hili kwa mwanamke wa umri wowote. Sisi mwanya bado upo: aliyefikisha miaka 18 husukumwa na wakwe, na sheria inatazama pembeni. Tena faini ile ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja mzuri katika mnada wa huku. Wenye mamlaka ya kutunga sheria walitafakari.

Isidhaniwe kwamba hapana maendeleo. Uchunguzi wa Taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28. Kwa nchi nzima hesabu ilishuka kutoka asilimia 10 hadi 8. Maji yanapungua, lakini aliyemo ndani anazama vilevile. Kule Masanga mabinti hukusanywa wakati wa msimu, wakafundishwa wajibu wa utu uzima, wakashangiliwa na kupewa zawadi siku ya kuhitimu, bila wembe. Wapo baba waliokwenda kuwachukua mabinti zao kwa ngoma. Na wapo ngariba waliotupa visu vyao. Kazi hiyo wameifanya watu wachache, wengi wao wanawake, kwa fedha kidogo, mara nyingi bila kiongozi yeyote wa siasa kusimama karibu nao wakati wa kurushiwa maneno.

Najua baadhi ya wasomaji wangu wa visiwani watasema: hayo ni ya bara, sisi hatuna. Ni kweli, hilo hatuna. Wala katika Qur'ani sikufundishwa aya yoyote inayoliamrisha. Lakini tunalo letu, ambalo hata jina lake tumelizoea: udhalilishaji wa watoto. Wangapi miongoni mwetu wamezisuluhisha kesi hizo ukumbini, kwa sababu mtuhumiwa ni mjomba, au ni mtu mwenye heshima mtaani, au ni mwenzetu? Muhali wa Unguja na Pemba na hofu ya wazee wa Serengeti ni watoto wa mama mmoja. Mzee Karume naye ana siku yake, nayo inatudai vilevile.

Sasa nawageukia viongozi wenzangu wa Chama na Serikali. Tangu tarehe 14 Oktoba hadi tarehe 1 Desemba ni siku 48. Sikukuu ya Mwalimu inatujia kila mwaka kama mtu anayegonga mlango kabla ya mvua. Siku hizo zinatosha kwa kazi inayojulikana. Kila mwalimu mkuu wa sehemu zenye msimu aandike orodha ya wasichana walio hatarini, na orodha hiyo isikae mfukoni mwa mtu kama ilivyokaa mfukoni mwangu, bali ifike kwa ofisa mtendaji wa kata, kwa ustawi wa jamii na kwa polisi, na kila mmoja aitie sahihi. Siku ya kufunga shule pawe na gari. Nyumba za Masanga na Mugumu zipewe chakula na magodoro kabla ya mabinti kufika, si baada ya picha kupigwa. Wazee wa mila waitwe mapema, waelezwe sheria kwa heshima, na wale watakaofungua msimu wa mabinti wasikaribishwe tena kwenye jukwaa la kiongozi yeyote, hata kama uchaguzi ni kesho. Na kila tarehe 14 Oktoba, kabla ya hotuba, isomwe hesabu ya mwaka uliopita: mabinti wangapi walikimbia, wangapi walipokewa, wangapi walirudi shuleni Januari, na wangapi tuliwakosa.

Kwa upande wangu, nimeiacha tabia ya kuchukua likizo mwezi Desemba. Mwaka 2022 nilikuwa Serengeti msimu mzima, na mengine tuliyaweza, mengine yalitushinda. Yule binti aliyepanda mtini aliendelea na masomo. Kuhusu mwenzake, nilikwenda nyumbani kwa mumewe nikiwa na mama mmoja wa ustawi wa jamii, nikamwomba radhi. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alituletea vigoda, akatupa maji ya kunywa, akasema yamekwisha kupita. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba siku hizi msichana aliyezaa anaruhusiwa kurudi shule. Nikamwambia ni kweli, tangu mwaka 2021 Serikali imeruhusu.

Akauliza: "Utaandika?"

Nikamwambia siandiki. Tuliondoka naye asubuhi ileile hadi kwa mwalimu mkuu.